Sauti ya Kati

Mwalimu Zipora aliwasimamisha watoto watatu mbele ya darasa, kila mmoja na sauti yake: do, mi, so. Walipoimba pamoja, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hapo sasa. Zimekamilika."

Darasa likacheka.

"Lusike, wa mi, hakuimba, Mwalimu," akasema mmoja. "Alifungua mdomo tu. Tulikuwa tunakujaribu. Tulisema wewe husikii, wenzetu wakabisha."

Zipora hakuwakemea. Mwaka mzima alikuwa amefundisha kwa kutazama midomo, akiogopa siku hii.

Lusike akaacha kucheka. Akauchukua mkono wa mwalimu, akauweka kwenye koo lake, akaimba mi. Koo lilitetemeka chini ya vidole, lakini Zipora hakusikia kitu. Mtoto akaimba mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akaanza tena.