Msumari wa 217

Leota Vasko alizima kinasa sauti na kumwambia Geno Farruggia kwamba anasema uongo.

Geno hakukasirika. Kwa miaka sabini na minne aliyoishi ameitwa majina mabaya zaidi. Alimega mkate wake wenye soseji ndani, akarudia yale yale: Emery Vasko, baba yake Leota, alikuwa mfupi, mnene, mpiga mluzi. Alimwona kwa macho yake jioni nyingi akitoka nyumba namba 41, ndoo ya chakula mkononi, kofia ya taa imeshuka hadi kwenye nyusi, akielekea mgodini.

Lakini nusu saa kabla, Marvella Tibbs alikuwa ameapa kwamba Emery alikuwa mrefu kiasi cha kuinama akipita mlango ule ule. Na mwaka jana dada yake Marvella alisema Emery alikuwa akichechemea.

"Sasa huyo ni baba au kinyonga?" Leota akauliza.

"Mfupi," Geno akasema. "Andika."

Kijiji cha Kettle Fork hakipo tena. Mgodi wa makaa ulipofungwa mwaka 1954, kampuni ilichoma nyumba zote, kwa sababu zilikuwa zake, na msitu ukamalizia kazi. Umebaki uwanja wa besiboli, ambapo watu wake hukutana kila Agosti kula maharage na kubishana. Chini ya turubai huegemezwa ubao wa misumari. Zamani kila mchimbaji alikuwa na vipande vya shaba vyenye namba yake. Akijaza behewa makaa, alitundika kipande juu yake, na kwa namba hiyo ofisi ilijua nani amefanya kazi. Sura za watu ofisi haikuwa na haja nazo. Siku hizi kila familia huja na kipande cha baba yao na kukitundika mahali pake, na msumari mmoja umekuwa mtupu miaka yote. Ni wa 217.

Leota alikitaka kipande hicho. Zaidi ya hapo alitaka kitu kimoja cha kweli kuhusu baba yake, hata kiwe kidogo, kabla mtu wa mwisho aliyemjua hajafukiwa. Baba alifariki wiki ile ile mgodi ulipofungwa, Leota akiwa na miaka minane. Ndivyo alivyosema mama, na ndivyo lilivyosema jiwe la kaburi. Katika miaka yote hiyo minane Leota hakuwahi kumwona uso kwa uso. Alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Mchana alilala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na mama akiweka kidole mdomoni: baba yako kalala. Leota alijifunza kutembea kwa ncha za vidole, na mpaka leo, ana miaka sitini na minane, hufunga milango kama mwizi. Wakati mwingine alikuwa akitega sikio kwenye mlango ule. Baba za wenzake walikoroma mpaka vioo vikatikisika. Wa kwake hakukoroma hata siku moja, naye alijivunia jambo hilo shuleni.

Mama yake hakupenda kumzungumzia. Alikuwa mwanamke wa kazi na wa shukrani nyingi. Kila Jumapili alioka pai sita akazipeleka nyumba sita, zile zile miaka yote, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Leota alidhani ni moshi wa jiko. Labda mama alishukuru tu kuwa na paa, maana Kettle Fork nyumba ilikwenda na mwanamume. Mume akifa, mjane alipewa siku kumi na nne awe ametoka, hata akiwa mjamzito, hata kukiwa na theluji.

Aliyebaki kati ya wale walioshuka mgodini na Emery ni Mzee Ottis Bramlett, mwenye miaka tisini na mbili. Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la makaa, na mguu wa kushoto ulipondwa na behewa tangu ujana wake. Miaka kumi mfululizo Leota alimwomba azungumze, na miaka kumi alijibiwa kwamba maharage yanapoa. Leo mzee mwenyewe alimtuma mpwa wake amwite.

Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mrija wa oksijeni puani. Leota aliweka kinasa sauti mezani, akauliza kama anataka kizimwe.

"Kiache," mzee akasema. "Wenzangu watano waliokuwa wakinikataza wote wameshakufa."

Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha shaba, 217, kimelika kuliko chochote kilichokuwa kwenye ule ubao, namba yenyewe ikisomeka kwa taabu. Leota alikichukua. Kilikuwa kitu cha kwanza cha baba yake alichowahi kukishika.

"Alikupa mwenyewe?" akauliza. "Siku ile ya mwisho?"

Mzee Ottis alisubiri pumzi imrudie.

"Emery alikufa kwa homa ya mapafu, mwanangu. Machi, mwaka wa arobaini na sita. Mama yako alikuwa na mimba yako, miezi sita."

Pale uwanjani mtu alikuwa akicheka, na Geno alikuwa bado anambishia Marvella: mfupi, mfupi.

"Basi hiki ulikipataje?" Leota akauliza, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu kalala chumba cha pili.

"Mgodi ulifungwa Jumanne," Mzee Ottis akasema. "Jumanne ilikuwa zamu yangu ya kuwa Emery."