Chupa ya Shekue

Siku hizi maji ya kifuani hayatolewi kwa sindano. Mgonjwa hubandikwa kiraka ubavuni, na maji yaliyojaa kati ya pafu na mbavu huingia yenyewe kwenye chupa iliyoko nyumbani kwake, hata yeye akiwa mbali.

Kwa miezi minne Zuhra aliimwaga chupa ya mumewe, Shekue, kila asubuhi. Shekue alikuwa akilala ameketi, ameegemea mito mitatu, maana akilazwa tu alikosa pumzi.

Walimzika Jumanne. Alhamisi asubuhi Zuhra akaikuta chupa, aliyoiacha tupu baada ya mazishi, imejaa.

Akampigia simu Sista Eligiva wa zahanati.

“Waliomwosha marehemu walikibandua kiraka?” Sista aliuliza.

“Walijaribu, kikagoma. Tukamzika nacho.”

“Mama, kiraka huvuta maji kwenye kifua kinachopumua tu. Labda chupa ni mbovu.”

“Labda,” Zuhra alijibu.

Akaimwaga, akaisuuza, akairudisha mahali pake. Alipoinuka akaiona ile mito mitatu, bado imeegemezwa ukutani, akakumbuka kwamba kule kaburini walimlaza.