Orodha ya Mchele

Karatasi niliitambua kabla polisi hajaikunjua yote. Lile doa pembeni nililitia mimi mwenyewe, Jumapili, nilipokuwa naandika majina huku nakunywa sinigang, mchuzi wetu mchachu.

"Mwandiko wako huu, dada?" aliuliza. "Mwenyekiti wa mtaa ametupa. Kazi safi kabisa."

Ilikuwa orodha ya wagonjwa wangu wa kifua kikuu, ninaowapa dawa kila siku. Mwenyekiti aliniomba, akasema wataletewa mchele. Nikaandika watu kumi na mmoja, na waliokonda sana nikawawekea nyota ili wao wapate kwanza.

"Hawa ni wagonjwa, afande. Wanakohoa."

"Wamekonda, hawali, usiku wanalowa jasho." Alicheka. "Dada, hata mimi nawajua mateja walivyo. Na tumeamriwa kuwamaliza."

Majina mawili yenye nyota yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu. Ni wale wale ambao hawajaja kwangu kumeza dawa tangu juzi. Mimi nilidhani ni uvivu, nikawasema mtaa mzima.

Kidole chake kikashuka hadi nyota ya tatu. "Huyu Rodelio ni yupi?"

Saa nne, saa ya Rodelio ya kumeza dawa, ilikuwa imefika. Vidonge vyake vinne nilivyovishika vilikuwa vimeanza kuniachia rangi nyekundu kiganjani.

"Simjui," nilisema.

Geti la bati likalia nyuma yake.

"Dada!" sauti ikaita, kikohozi kikafuata. "Leo usinigombeze! Rodelio nimewahi!"