Mwisho wa Bosi wa Mikumi

Bonifas aliingia uani kwa kina Nassir, hapo Magomeni ya Kilosa, amevaa kofia pana ya Nassir na miwani yake nyeusi, simu ya Nassir ameinyoosha mbele ya uso. Akabinua midomo. Akajipiga picha na kuku.

"Niko ofisini, wapendwa," alisema kwa sauti ya puani, ile ile ya mwenye simu. "Msinisumbue."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaziba midomo kwa khanga. Hakuna aliyekasirika. Babu zake Bonifas walikuja Kilosa kwa kazi ya reli, na tangu hapo walikuwa watani wa ukoo huu. Mtani husema analotaka, huvaa anachotaka, na hakuna wa kumfukuza.

Akamwendea Bi Joha, mama yake Nassir, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Bosi wako nimerudi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Joha, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Bosi! Kilosa nzima iliujua ubosi wa Nassir. Alikuwa akiosha magari ya watalii kule Mikumi, kazi ya halali na wala haina aibu. Ila kila alipomaliza kuosha gari aliliegemea boneti, akajipiga picha na kuandika kwamba ameongeza jingine. Ukurasa wake mtandaoni aliuita Bosi wa Mikumi. Hata tembo waliokatiza barabara kuu aliwatangaza kama mifugo yake. Na watu wakampa mioyo! Maelfu ya watu wazima, wenye akili zao timamu, walimwita bosi mtu ambaye hata chaja aliazima. Bonifas aliwadharau hao kuliko alivyomdharau Nassir mwenyewe.

Lakini kofia na miwani vilikuwa utangulizi tu. Shughuli yenyewe aliitiwa na Yusrah, mke wa Nassir, aliyemvuta hadi nyuma ya jiko. Kwenye ukurasa ule Nassir alikuwa amejiandika kuwa hajaoa na anatafuta mwanamke aliyetulia. Yusrah, aliyemzalia watoto watatu, hakuonekana humo hata kivuli. Wanawake walimwandikia Nassir "mume wangu" mchana kweupe, naye akawajibu kwa vikopa. Kila Yusrah alipomwomba aufunge alisema kesho, na kesho hiyo ikaenda miaka.

"Leo ndiyo siku, shemeji," alisema Yusrah. "Ufungwe moja kwa moja, kabla ya adhuhuri. Wale wanawake wakianza kuandika yao humo, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Bonifas alimuuliza kwa nini asiufunge mwenyewe.

"Simu haifunguki bila kidole gumba chake. Mimi nikimshika mkono tu, nitashindwa. Wewe ni mtani."

Mlangoni pa chumba alikaa Mzee Ashrafu, baba mdogo wa Nassir. Aliitazama ile kofia kwa jicho la pembeni, akamwambia Bonifas afanye upesi, wenyewe wanataka kuingia.

Nassir alikuwa kitandani, kalala chali, hana habari na mtu. Bonifas alifunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumfunua shuka kichwani, kama mtu anayemwamsha mvivu.

"Ukoo mzima uko nje unakungoja, na wewe umejilaza," alisema. "Wengine wametoka Dumila tangu alfajiri. Una wafuasi wangapi wewe? Mbona sijaona hata mmoja hapo uani?"

Akamsomea maneno yaliyokuwa yakijitokeza juu ya simu. Mmoja alisema Bosi umependeza. Mwingine aliuliza Bosi mbona kimya. Ilikuwa mara ya kwanza Bonifas kumwona Nassir akisomewa sifa zake bila kunyoosha mkono kuidai simu.

Bonifas alikishika kidole gumba, akakibandika. Simu ikakataa. Akakifuta kwa shati, akajaribu tena, ikakataa tena.

"Hata kidole chako kina maringo," alisema kwa dharau. Akakipulizia pumzi, akakisugua katikati ya viganja vyake, muda mrefu, mpaka simu ikafunguka.

Huko ndani, alipobonyeza pa kufuta akaunti, ule mtandao ukaanza kubembeleza. Kwa nini unaondoka? Unataka tu kupumzika kidogo? Marafiki zako watakuwa wapweke bila wewe. Bonifas akasonya. Hao? Hao kesho watahamia kwa bosi mwingine, naye atakuwa ameegemea gari la mtu vilevile. Kila ulipomwonyesha njia ya kurudi nyuma, alibonyeza kuendelea. Uliuliza nywila, na simu ikaijaza yenyewe. Uliuliza tena kama ana uhakika. Alikuwa nao.

Mwisho yakatokea maneno machache, naye akamsomea Nassir polepole, neno kwa neno. Akaunti yako itafutwa kabisa. Ukibadili mawazo ndani ya siku thelathini, ingia tena, utakuta kila kitu kama ulivyokiacha.

"Umesikia, Bosi?" alisema. "Unasubiriwa." Alitaka kuisema kwa ile sauti ya puani, lakini ilitoka sauti yake mwenyewe.

Akavua miwani na kofia, akaviweka miguuni pa kitanda. Akamrudishia Nassir shuka usoni, kisha akafungua mlango. Mzee Ashrafu na wenzake wakaingia na ndoo za maji, pamba na sanda.