Kumi kwa Kumi, Mwandoya

Ngassa aliinama chini ya bomba, akakinga kiganja, akasukutua, kisha akatema.

"Chumvi," alisema. Akaandika mbili kwa kumi, na kambi ya Lagangabilili ikawa imeanguka.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia Wazungu mahali pa kulaza magari. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mipaka ilifunguliwa, na pamoja na mitumba na sabuni za kunukia yakaingia magari yenye vitanda, jiko, choo, hata mashine ya umeme tumboni kwa ajili ya dharura. Wazee waliyatazama wakacheka mpaka machozi. "Laiti tungekuwa nayo mwaka wa sabini na nne, walipotuhamishia vijijini!" walisema. "Tungepiga honi tu, tukaondoka na mji mzima."

Pamoja na ukubwa wao, magari hayo yalitaka kunyonya kama ndama. Yalitaka nguzo ya kuchomeka waya wa umeme, bomba la kuunga mpira wa maji, na karibu yake vijia ambamo wenyewe watatembea siku nzima bila kwenda popote. Ngassa hakujua raha ya hilo la mwisho. Hata hivyo alilitengea safu yake katika daftari.

Alikuwa pia na kofia ya kampuni, nayo ilikuwa hatarini. Mwezi uliopita aliichagua kambi moja ya Kalemela kwa sababu ya kijia chake kipana, safi, kilichoshuka mpaka ziwani. Kumbe kilichongwa na viboko, na viboko walikuwa bado wanakitumia. Bwana Marcelo, mwenye kampuni kule Mwanza, hakupaza sauti. Alisema tu, "Ukikosea tena, hiyo kofia uiache mezani."

Ndipo akafika Mwandoya, kwa mjane aitwaye Nyanjige. Huyu alikuwa ametundika ubao kwenye ua wa minyaa: KAMBI YA KISASA. UMEME, MAJI, VIJIA.

"Mwadila, mayu," Ngassa alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Karibu, vua kofia upumzike."

"Hii haivuliwi ovyo, mayu. Hii ni ofisi."

Alionja maji. Yalikuwa ya mvua, matamu. Akaikagua nguzo ya umeme: soketi nyeupe, na waya mnene uliovuka uwanja mpaka kwenye banda la video, ambako nusu ya kijiji ilikuwa ikimshangilia Mchina mmoja aliyekuwa akipiga watu mateke. Nyanjige akamletea soda. Ilikuwa baridi ya kuuma meno.

Ngassa aliitazama chupa kwa mashaka. "Bariadi penyewe tunalala na koroboi. Umeme wa Mwandoya umetoka wapi?"

"Serikali si imesema kila mtu ajitafutie? Nimejitafutia."

"Mashine naisikia. Iko wapi?"

"Nyuma ya minyaa huko. Ng'ombe wa maziwa humfungi sebuleni, baba."

Ngassa akacheka. Juu ya minyaa lilichungulia paa jeupe la gari la Wadachi, wageni waliokuwa na siku ya nne hapo.

"Wenyewe wako wapi? Niwaulize kama wameridhika."

"Wanatembea. Kijia changu kirefu, kinauzunguka mlima ule mpaka mtoni. Wakitoka alfajiri, wanarudi jua likizama." Akaongeza kwa fahari, "Nilikirefusha mwenyewe, kwa jembe."

"Na umeme unakatika?"

"Wageni wakiwepo? Haujakatika hata siku moja."

Ngassa alimaliza soda, akaletewa ya pili. Akaandika kumi maji, kumi umeme, kumi vijia. Akapiga mstari chini yake, mara mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aajiriwe.

Juma lililofuata alirudi asubuhi akiwa na gari refu kama ghala la pamba, mzee wa Kizungu kwenye usukani na mkewe pembeni. Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mbele ya banda la video watu walisimama, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

"Karibuni, karibuni!" alipaza sauti Shija, muuza ngozi, aliyebeba kigoda chake mwenyewe. "Kaka Ngassa, tumewangoja tangu Jumatatu!"

Ngassa akaiweka sawa kofia. Mwandoya, alijisemea, wanajua kupokea mtu.

Mzee akachomeka waya kwenye nguzo. Ndani ya gari hakikuwaka kitu. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Feni ikakaa kimya. Mkewe akamtazama Ngassa usoni, kisha akasogeza macho juu kidogo, akalisoma jina la kampuni kwenye kofia na kulinakili kwenye karatasi.

Ngassa alikimbia mpaka bandani. Lilikuwa limejaa hadi mlangoni, vigoda kwa vigoda, watu wametulia wakiitazama televisheni nyeusi. Nyanjige alisimama mbele yao, kanda ya video mkononi.

"Mayu, umeme!" Ngassa alihema. "Washa mashine yako, nakufa!"

Nyanjige alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Mashine yangu?" alisema. "Baba, mashine si hiyo mliyokuja nayo? Mwambie mzee aiwashe, watu wameshalipa. Na wewe vua hiyo kofia, unawaziba wa nyuma."