Mota Ndogo

Mlio ulisikika kwanza, mkali kama wa nyigu aliyefungiwa koponi. Mwanamvua akazunguka kibanda, akamkuta mumewe, Faraji, ameifunga mota kubwa kwenye boti ya rimoti ambayo yeye Mwanamvua alimchongea.

"Hewani kila mota inaimba," Mwanamvua alimwambia. "Itie kwenye beseni."

Majini mota ililemewa, ikanguruma. Faraji alikigusa kidhibiti mwendo, kile kijisanduku kinachoipimia mota umeme, akauchomoa mkono upesi. Kilikuwa cha moto kama kikaango.

"Boti ya kwanza iliungua hivi hivi, ikazama na betri yake. Hii nayo ikizama, sichongi tena. Wala mashindanoni hunioni," Mwanamvua alisema.

Kutoka bwawani, boti zilikokuwa zikisubiri kushindana, Kibwana, mpinzani wa Faraji, alipaza sauti: "Shemeji, mtoe huyo bwana! Au anasubiri nizeeke ndiyo anishinde?"

Watu wakaangua kicheko. Faraji akainuka, akachutama, akainuka tena. Kisha akashika bisibisi, akaing'oa mota kubwa, akafunga ile ndogo, ya mwendo wa polepole lakini isiyokula umeme mwingi. Akaibusu boti ubavuni bila kumtazama mkewe.

"Watatucheka, Mwanamvua. Kibwana atanipita mchana kweupe. Lakini nakuahidi, boti yako itarudi."