Tende ya Saba

Mkutano wa mtaa ulikuwa umeshageuka ugomvi Bi Somoe alipoingia akimvuta farasi wake, Shani, aliyepasuliwa jicho kwa bunduki ya upepo akiwa malishoni. Nusu ya watu walitaka bunduki hizo zipigwe marufuku. Nusu walisema kunguru watawamalizia vifaranga.

“Kunguru mwenyewe huyu hapa, ana kwato nne,” akasema Bi Somoe. “Kila mwenye bunduki ampe tende. Shani hakatai tende, hata ya mwizi. Yule ambaye Shani atamkimbia, kituoni nampeleka mimi, kwa mkono wangu!”

Watu wakacheka. Wanaume saba wakajipanga, kila mmoja na tende yake. Shani akala sita, mate yakimchuruzika. Kwa wa saba akarudi nyuma, masikio yamelala, anatetemeka mwili mzima.

Wa saba alikuwa Kombo, mdogo wake Bi Somoe, anayeishi chumba cha uani kwake.

“Ameshiba huyo, dada,” akasema Kombo.

Hakuna aliyecheka.

“Bi Somoe,” mwenyekiti akaita taratibu, “tunakusikiliza.”

Bi Somoe alikuwa akiitazama ile tende, inavyolainika kwa jasho kiganjani mwa mdogo wake.